Namba ya gari haionekani kwenye ripoti? Mwongozo kamili wa kuongeza visanduku vyako kwenye programu ya hesabu

Nimepigiwa simu tatu mwezi huu kwa jambo lile lile. "Dada, nimeongeza sehemu ya namba ya gari kama ulivyosema, vijana wanaijaza kila siku, lakini nikitoa ripoti siioni." Wa kwanza ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Ngamiani, Tanga. Wa pili ananunua machungwa Muheza na kuyasafirisha. Wa tatu ana magari yanayobeba mzigo kutoka bandarini. Programu zao ni tofauti, ila wote walianza kubonyeza kabla hawajajua wanatafuta nini.

Basi nimeyaandika yote hapa kwa mpangilio. Hatua nne za mwanzo zinafanyika kwenye karatasi, na ndizo watu wanazoziruka.

Nikisema kisanduku nina maana ya sehemu ya kujaza ambayo programu haikuja nayo na unaiongeza mwenyewe. Kuna wanaoiita uga. Mfano nitakaoufuata ni wa duka lile la Ngamiani: saruji, nondo na mabati, Fuso mbili, wateja wa Muheza, Korogwe mpaka Lushoto.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Jina la mtumiaji lenye mamlaka ya msimamizi. Karani wa mauzo hawezi kubadili mipangilio. Mkiazimana neno la siri kwa leo, libadilishwe leo hiyohiyo.

Bekapu ya leo, yaani nakala ya akiba ya hesabu zako, iliyo nje ya kompyuta hiyo. Kwenye flashi au barua pepe yako. Bekapu iliyo kwenye diski ileile itakufa pamoja na diski.

Ankara kumi za kweli, pamoja na dilivari noti na LPO (hati ya oda ya mteja) zake. Usichague zile safi. Tafuta zenye vituko: mzigo uliogawanywa kwenye magari mawili, mzigo uliorudishwa nusu, mteja asiye na TIN (namba ya mlipakodi), shule iliyokataa kulipa kwa sababu namba ya LPO haikuandikwa.

Daftari la mtunza stoo. Hilo kauntabuku lenye jalada lililochakaa ndilo programu yako halisi kwa sasa. Kila kitu anachokiandika mle, na kwenye kompyuta hakimo, ni dalili ya kisanduku kinachokosekana.

Saa moja na nusu bila mteja. Maduka mengi ya Ngamiani hufungwa Ijumaa mchana kwa ajili ya swala. Mimi hupenda kufanya kazi hii baada ya hapo, kabla biashara haijachangamka tena.

Kuhusu programu, nitaonyesha tatu ninazokutana nazo zaidi: Manager, ambayo toleo lake la kompyuta ya mezani ni la bure; QuickBooks ya mezani; na ERPNext. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yalivyo kwenye skrini ili uyatambue ukiyaona. Matoleo hutofautiana kidogo, kwa hiyo kitufe kikiwa kimehamishwa, tafuta jina hilohilo jirani.

## Hatua ya 1: Andika swali kabla ya jina la kisanduku

Chukua karatasi. Usiandike "namba ya gari". Andika swali utakaloiuliza programu mwisho wa mwezi, kwa sentensi nzima:

"Fuso ipi ilipeleka mifuko mingapi ya saruji Korogwe mwezi wa tisa?"

Ona sentensi hiyo imebeba vitu vinne: gari, idadi, mahali na mwezi. Idadi na mwezi programu inavyo tayari, vimo kwenye ankara. Vinavyokosekana ni viwili, gari na mahali. Hivyo unahitaji visanduku viwili. Mwenye duka alikuwa ameongeza kimoja, halafu analalamika kwamba ripoti haimwambii Korogwe.

Swali lisiloweza kuandikwa kwa sentensi halistahili kisanduku. Nilipofika kwenye duka hilo nilikuta visanduku kumi na kimoja vimeshatengenezwa, kimoja kikiitwa "Mengineyo". Hakuna aliyekumbuka nani alikiweka. Ndani yake kulikuwa na neno "sawa" mara nyingi sana.

Kisha, kabla hujaongeza chochote, angalia kama kipo. Ankara ya QuickBooks ina nafasi ya "P.O. No." tangu mwanzo, na LPO ya mteja hukaa hapo. ERPNext ina "Tax ID" kwenye kadi ya mteja, ambayo ndiyo nyumba ya TIN. Ukitengeneza cha pili chenye kazi hiyohiyo, nusu ya wafanyakazi watajaza cha kwanza na nusu cha pili, na wewe utazitafuta TIN sehemu mbili hadi uzeeke.

Umefaulu ukiwa na maswali yasiyozidi matano, na chini ya kila moja umepigia mstari maneno ambayo programu haina pa kuyaweka.

## Hatua ya 2: Je, swali ni la fedha?

Hapa ndipo nilipoungua mimi mwenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Miaka ya nyuma nilimtengenezea mteja mmoja kisanduku cha tarakimu kwenye ankara, nikakiita "Nauli ya gari". Kila safari karani aliandika 15,000. Kilionekana vizuri, kikachapwa vizuri chini ya ankara, wateja wakalipa. Baada ya miezi mitatu tukahesabu safari 124. Hiyo ni shilingi 1,860,000 iliyoandikwa kwenye kisanduku na haikugusa leja, yaani daftari kuu la hesabu, hata senti moja. Wateja walilipa zaidi ya ankara, akaunti zao zikaonekana zina salio la ziada, na mauzo yakasoma pungufu. Nilikaa siku nne kuzirekebisha moja moja, bila malipo, na sikuthubutu kudai.

Sababu ni hii: kisanduku cha ziada ni maelezo tu. Ni sawa na kuandika kwa kalamu pembeni ya ukurasa wa daftari. Hakipigi debiti, hakipigi krediti, urari haukijui.

Kwa hiyo pima hivi. Kama jibu la swali lako ni kiasi cha fedha ambacho mtu atalipa au kulipwa, hiyo ni kazi ya mstari wa ankara na akaunti yake. Nauli iwe bidhaa ya huduma inayoitwa "Usafirishaji", yenye bei. VAT ndiyo kabisa, isiguswe: ina mahali pake kwenye misimbo ya kodi, na ukiiweka kwenye kisanduku ritani yako (taarifa ya kodi) haitaiona.

Na kama swali ni "lori lipi linaniletea faida?", hapo pia kisanduku hakitoshi. Faida ni mapato toa dizeli, matairi na posho ya dereva, na vyote hivyo vimetawanyika kwenye hati tofauti. Unahitaji kugawa hesabu zenyewe. Kwenye Manager chombo hicho huitwa "Divisions", kwenye QuickBooks ni "Class", kwenye ERPNext ni "Cost Center" au "Accounting Dimensions". Huo ni mwongozo mwingine.

Umefaulu kama maswali yaliyobaki ni ya nani, wapi, kipi na lini, hakuna la shilingi.

## Hatua ya 3: Kisanduku kikae wapi?

Hii ndiyo iliyowaangusha wote watatu walionipigia simu. Programu ya hesabu ina ngazi tatu, na kisanduku kikikosea ngazi hakuna ripoti itakayokiokoa.

*Kadi.* Kadi ya mteja, ya msambazaji au ya bidhaa. Weka hapa kitu kisichobadilika kutoka ankara moja hadi nyingine: VRN (namba ya usajili wa VAT) ya mteja, mtaa wake, jina la mtu wa kumtafuta.

*Kichwa cha hati.* Juu ya ankara nzima. Weka kitu ambacho kipo kimoja tu kwa ankara: namba ya risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), kwa mfano.

*Mstari wa hati.* Kila bidhaa ndani ya ankara. Weka kitu kinachoweza kutofautiana mstari kwa mstari.

Sasa gari. Mwenye duka aliliweka kwenye kadi ya mteja, kwa hoja kwamba "mkandarasi huyu humpelekea Fuso ya bluu". Siku Fuso ya bluu ilipopelekwa gereji, ya kijani ikachukua mzigo, na kadi ikaendelea kusema bluu.

Tukalihamishia kichwani. Ikaonekana sawa, hadi tukaitoa ile ankara ya kituko tuliyoiweka mezani: mifuko 300 ya saruji. Kila mfuko ni kilo 50, jumla tani 15. Gari moja halikuubeba mzigo huo, kila Fuso ilichukua mifuko 150, tani saba na nusu. Kichwa cha ankara kina nafasi ya gari moja. Karani akaandika namba mbili kwenye kisanduku kimoja, akazitenganisha kwa alama ya mkwaju (/), na programu ikahesabu hilo kuwa gari la tatu.

Mahali pake ni mstarini. Ankara ile sasa ina mistari miwili ya saruji, 150 na 150, kila mmoja na gari lake.

Njia ya kupima ni kuuliza: "Je, kwenye ankara moja kitu hiki kinaweza kuwa viwili?" Kama ndiyo, ni mstari. Kama hapana, uliza tena: "Je, mteja yuleyule kesho kinaweza kuwa tofauti?" Kama ndiyo, ni kichwa. Kama hapana, ni kadi.

Tahadhari. Pitisha ankara zako zote kumi kwenye maswali hayo mawili, si ile ya juu tu. Kuhamisha kisanduku baada ya miezi sita ya kujaza maana yake mara nyingi ni kutengeneza kipya na kuanza upya.

## Hatua ya 4: Chagua aina ya kitu kitakachojazwa

Programu nyingi zitakuuliza aina: maandishi, tarakimu, tarehe, alama ya tiki, au orodha ya kuchagua. Kanuni ninayoitumia: kama hutakijumlisha, si tarakimu.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Ukiifanya tarakimu kisha ukaipeleka Excel, itaharibika, maana Excel hushika tarakimu 15 tu za mwanzo na zinazobaki huzigeuza sifuri. Mara nyingi hutapata onyo. Namba za simu nazo hupoteza sifuri ya mbele. TIN ina tarakimu tisa, haitaharibika kirahisi, lakini nani anajumlisha TIN? Zote ni maandishi.

Tukiwa bado kwenye NIDA: usiichukue kama huna swali linaloihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inataka ukusanye taarifa za mtu kwa sababu maalumu. Mnunuzi wa mabati sita hana haja ya kukupa NIDA.

Maandishi huru nayo yana ugonjwa wake. Tulipofungua kisanduku cha gari cha duka lile, gari moja lilikuwa limeandikwa kwa nafasi baina ya herufi na namba, bila nafasi, kwa herufi ndogo, kwa nukta, na mara moja "Fuso ya Mudi". Gari moja, sura tano. Mitaa ndiyo usiseme: "Barabara ya 12", "B/ra ya 12", "Br 12", "kumi na mbili". "Majani Mapana" na "M/Mapana". Kwa mwenyeji wa Tanga ni mahali pamoja, kwa kompyuta ni mahali tofauti kabisa.

Dawa ni orodha ya kuchagua. Karani haandiki, anachagua. Itumie popote majibu yanapojulikana na hayazidi, tuseme, arobaini: magari, wilaya, madereva, aina ya saiti. Kwenye orodha ya magari ongeza mistari miwili ambayo watu husahau: "Gari la mteja" na "Gari la kukodi". Bila hiyo, mteja akija na Kirikuu chake karani atachagua gari lolote ili apite.

Orodha ya wilaya usiiandike kwa mawazo. Fungua daftari la stoo, tazama mzigo ulikwenda wapi kweli mwezi uliopita, andika hizo.

Alama ya tiki ina mtego mdogo. Ikiwa tupu, huwezi kujua kama jibu ni "hapana" au karani hakuulizwa. Kwa jambo zito, kama "Mzigo umesainiwa?", tumia orodha yenye Ndiyo, Hapana na Bado.

Umefaulu ukiwa na karatasi yenye safu nne: jina la kisanduku, ngazi, aina, na swali kinachojibu. Duka letu lilibaki na visanduku vinne:

- Gari: mstarini, orodha, "gari lipi lilipeleka?"
- Wilaya ya mzigo: mstarini, orodha, "ulikwenda wapi?"
- Namba ya risiti ya EFD: kichwani, maandishi, "ankara hii ina risiti ipi?"
- VRN: kadi ya mteja, maandishi, "mteja huyu amesajiliwa VAT?"

Kutoka kumi na kimoja.

## Hatua ya 5: Jaribia pembeni

Chukua bekapu uliyotengeneza asubuhi, ifungue kama biashara ya pili, iite "Majaribio". Kazi yote ya hatua ya 6 hadi 8 ifanyike humo kwanza.

Sababu yenyewe si woga. Ukitengeneza kisanduku kwenye hesabu za kweli saa nne asubuhi, karani atakiona na kuanza kukijaza kabla hujaamua jina lake.

Bekapu ikikataa kufunguka, shukuru umejua leo. Simama hapo, tengeneza nyingine, usiendelee mpaka ifunguke na salio la benki lilingane na la hesabu za kweli.

## Hatua ya 6: Tengeneza kisanduku

### Kwenye Manager

Fungua biashara, nenda "Settings", kisha "Custom Fields". Chagua aina uliyoiandika kwenye karatasi, bonyeza kitufe cha kuongeza kipya.

Andika jina. Lifanye fupi, kwa sababu litakuwa kichwa cha safu kwenye ripoti: "Gari" linatosha, "Namba ya gari lililobeba mzigo" litabana safu zote.

Kwa orodha, chagua aina ya maandishi kisha uiambie iwe "Dropdown list". Andika chaguo moja kwa kila mstari. Kagua tahajia sasa, kwa sababu chaguo lililokosewa litajazwa mara mia kabla hujaliona.

Kwenye "Placement" ndipo unapochagua fomu. Hapa ndipo hatua ya 3 inapolipa: angalia kama unachagua ankara yenyewe au mstari wa ankara. Watu wengi huona neno la kwanza linalofanana na ankara wakabonyeza.

### Kwenye QuickBooks ya mezani

Kisanduku cha mteja kinapatikana ndani ya kadi ya mteja: "Additional Info", halafu "Define Fields". Andika jina, weka tiki kama ni cha wateja, wasambazaji au wafanyakazi. Matoleo ya Pro na Premier hukupa visanduku saba tu kwa kila kundi, ndiyo maana nilikutaka upunguze maswali.

Cha bidhaa kipo ndani ya kadi ya bidhaa, "Custom Fields", nacho ndicho hugeuka kuwa safu ya mstari kwenye ankara. Kwa hiyo "Gari" unalitengeneza upande wa bidhaa, hata kama gari si sifa ya saruji. Inachanganya mwanzoni. Ukishaiona mara moja hutaisahau.

### Kwenye ERPNext

Tafuta "Customize Form", chagua hati. Kwa kichwa cha ankara ni "Sales Invoice", kwa mstari ni "Sales Invoice Item". Ongeza mstari mpya kwenye jedwali la visanduku, weka jina na aina. "Data" ni maandishi, "Select" ni orodha, na chaguo zake huandikwa moja kwa mstari.

ERPNext ina tabia moja inayoliza watu. Ankara ikishawasilishwa hufungwa, hairekebishwi. Namba ya risiti ya EFD mara nyingi hupatikana baada ya hapo, kwa hiyo karani atakuta kisanduku kimefungwa. Weka tiki kwenye "Allow on Submit" kwa kisanduku hicho, na kwa hicho tu.

Tahadhari kuhusu lazima. Programu zingine hukuruhusu kufanya kisanduku kuwa cha lazima. Usikimbilie. Karani mwenye foleni ya watu sita, asipojua jibu, ataandika nukta au "xxx" ili fomu ipite, na sasa una uongo mahali palipokuwa patupu. Fanya lazima kile tu ambacho karani anakuwa nacho mkononi wakati huohuo. Gari hupangwa baada ya ankara kuandikwa? Basi lisiwe lazima.

Umefaulu ukifungua ankara mpya na kisanduku kikaonekana mahali ulipotaka. Funga, fungua tena ukiwa umeingia kwa jina la karani, maana mwenye mamlaka ya msimamizi huona vitu ambavyo karani haoni.

## Hatua ya 7: Amua kipi kichapwe

Kuonekana kwenye skrini na kuonekana kwenye karatasi ni mambo mawili.

Manager ina tiki ya kuonyesha kisanduku kwenye hati zinazochapwa. QuickBooks inakutaka uhariri kiolezo cha ankara: "Lists", "Templates", kisha "Additional Customization", ambako kila kisanduku kina tiki mbili, "Screen" na "Print". Hapa ndipo simu nyingi za "siioni" zinapomalizikia, kwa sababu kisanduku kipo ila hakijawekwa tiki yoyote kwenye kiolezo. ERPNext huchapa kisanduku chenyewe kwenye muundo wa kawaida, mpaka ukikataze kwa "Print Hide".

Chapa LPO na VRN, mteja anazihitaji. Gari na wilaya ni mambo ya ndani, yaache. Mteja hana sababu ya kuyasoma kwenye ankara yake.

Na namba ya EFD kwenye kisanduku haiendi TRA. Haitoi risiti, haibadilishi mashine. Faida yake ni nyingine: karatasi ya EFD hufifia, na kwa joto letu hufifia haraka, wakati Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka utunze kumbukumbu miaka 5. Andika namba, piga picha risiti, iambatishe.

Umefaulu ukichapa ankara moja kwenye karatasi halisi, si kuitazama kwenye skrini, na jumla haijasukumwa ukurasa wa pili.

## Hatua ya 8: Rudi kwenye swali

Ingiza zile ankara kumi za karatasi kwenye Majaribio. Zote, pamoja na vituko. Kisha ichukue karatasi ya hatua ya 1 na uulize swali la kwanza.

Kwenye Manager, nenda kwenye orodha ya mistari ya ankara, bonyeza "Edit columns" uweke tiki kwenye kisanduku chako, kisha tafuta "Korogwe". Kwenye QuickBooks, fungua ripoti ya mauzo yenye maelezo, "Customize Report", chagua safu kwenye "Display" na chujio kwenye "Filters". Kwenye ERPNext, kisanduku cha kichwa utakiona kwenye orodha ukiweka tiki "In List View", na kukichuja kwa "In Standard Filter". Cha mstarini utakitoa kwa "Report Builder".

Hesabu kwa mkono kutoka kwenye karatasi zilezile kumi. Majibu yalingane mfuko kwa mfuko. Yakipishana hata kwa mmoja, tafuta sababu kabla ya kwenda mbele. Sisi tulipishana kwa 150, na ikawa ni ile ankara ya magari mawili, karani alikuwa ameiingiza kwa mstari mmoja.

Ikilingana, rudia hatua ya 6 na 7 kwenye hesabu za kweli. Ukiwa na karatasi mkononi ni dakika ishirini.

## Hatua ya 9: Ankara za zamani

Kisanduku kipya ni kitupu kwenye ankara zote za nyuma. Usijaribu kujaza miaka miwili. Chagua tarehe ya kuanzia, nzuri ni tarehe 1 ya mwezi, na uiandike kwenye maelezo ya kisanduku: "Kimeanza kujazwa 1 Oktoba". Vinginevyo mwakani utalinganisha Septemba tupu na Oktoba iliyojaa, useme biashara ya Korogwe imelipuka.

Kadi za wateja ni tofauti, hizo zijaze zote. Manager ina "Batch Update": unanakili orodha kwenda Excel, unajaza safu ya VRN, unairudisha. Safu ya "Key" usiiguse, ndiyo inayoiambia programu kila mstari ni wa nani. Safu ya VRN igeuze kuwa maandishi kabla hujabandika chochote.

## Hatua ya 10: Wafundishe wanaojaza

Usiwape karatasi ya maelekezo. Kaa na karani, mwache aingize ankara tatu wewe ukiwa kimya. Pale atakaposita ndipo pana tatizo la jina au la nafasi. Karani wetu alisita kwenye "Wilaya ya mzigo" akauliza, "Dada, ni anakokaa mteja au unakoshushwa?" Tukabadilisha jina likawa "Unashushwa wapi", na hakuuliza tena.

Mtunza stoo naye aambiwe lini aache kuandika kwenye kauntabuku. Mpe wiki mbili za kuandika kote kuwili, mlinganishe kila Jumamosi.

Baada ya wiki hizo mbili, toa orodha ya ankara na uhesabu visanduku vitupu. Kisanduku ambacho zaidi ya nusu ni kitupu kina kasoro ya ngazi au hakuna anayekihitaji. Kiondoe kwenye fomu, ila usikifute, maana kukifuta kunaweza kuondoka na yale machache yaliyokwisha kujazwa. Kwa duka la Ngamiani kilichobaki kitupu kilikuwa VRN, kwa sababu wateja wengi hawajasajiliwa VAT. Hicho tulikiacha kilivyo.